Nilivyomsindikiza Mama Mkwe hadi Ziwani

Mama mkwe wangu hapandi gari. Akipanda anatapika, tena haanzi njiani kama watu wengine. Anaanza gari likiwa limesimama, dereva bado anakunywa chai, kwa harufu ya viti tu. Kwa hiyo maisha yake yote amekwenda pale ambapo miguu inafika: shambani, kanisani, kwenye chama cha ushirika kupeleka kahawa. Mbinga mjini amefika mara chache, na mara zote alitoka kijijini kwake Maguu kwa miguu na kurudi kwa miguu, akashangaa kwa nini watu wanalipa nauli.

Ana mdogo wake mmoja, aliyeolewa huko chini mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa Wanyasa, katika kijiji kisicho mbali na Liuli. Huyo mdogo alipofuka. Mtoto wa jicho alimshika jicho moja, kisha la pili, akakaa miaka mingi akiwatambua watu kwa sauti na kwa namna wanavyokohoa. Halafu wakapita madaktari wa macho, wakamfanyia upasuaji. Wiki mbili baadaye simu ililia Maguu, sisi tukiwa huko likizo, mimi na mke wangu. Mama mkwe aliiweka kwenye sauti kubwa, maana haamini kwamba simu inaweza kusikika ikiwa sikioni.

"Dada," ilisema ile sauti, "nimefunguliwa macho. Njoo nikuone."

Jioni ile tulikaa sebuleni na shemeji zangu watatu. Wote ni wakulima wa kahawa, watu wenye mashavu ya miguu kama mashina ya migomba. Walikuwa wanajadiliana nani amsindikize mama, kwa sababu ni safari ya siku mbili, milima kwanza, kisha mteremko hadi ziwani. Mimi nilikuwa nimeshiba. Mtu akishiba huwa anasema mambo.

"Siku mbili tu?" nikasema. "Mimi na mke wangu tutampeleka. Mimi mtu wa mazoezi."

Sikusema uongo kabisa. Songea niko kwenye kikundi cha mazoezi. Tunakutana Jumamosi, tunakimbia robo saa, tunakunywa supu mpaka saa nne. Siku nyingine nakaa kwenye kiti cha ofisi ya ugavi, nasaini karatasi za vitu ambavyo watu wengine watavibeba.

Shemeji mkubwa alinitazama tumboni, akatazama pembeni. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ananipongeza.

Kesho yake mchana mke wangu, ambaye ni muuguzi, alipigiwa simu arudi kazini, mwenzake ameugua. Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipofunguka, nao ulikuwa wazi kabisa, maana shemeji mkubwa alisema, "Basi mimi nitakwenda na mama. Kahawa nimeshapeleka." Ningesema tu, "Asante shemeji," hadithi ingeishia hapo na kucha zangu ningekuwa nazo zote. Badala yake nilijisikia nikisema, "Hapana shemeji, nimeshaahidi. Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

"Utaweza?" mke wangu aliniuliza mbele ya watu wote.

"Kwani mama anawezaje?"

Alikwenda kupanga nguo zake.

Sasa yapo mambo lazima niyaeleze, la sivyo msomaji hataona ukubwa wa ujinga wangu. Mimi ni Mngoni. Kwetu, kama ilivyo kwa Wamatengo, watu wa mke wangu, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kula mbele yake, sikuwahi kukaa naye mkeka mmoja, sikuwahi kumtazama usoni zaidi ya ile salamu ya "Shikamoo mama" nikiwa nimeinamisha kichwa. Ukiniuliza sura yake ikoje, ningeweza kukueleza vizuri zaidi juu ya kanga zake. Yeye naye kwa heshima husema nami kwa wingi: "Mmeamkaje, baba? Mmeshiba?" Kama vile tuko wawili. Na huyu ndiye mtu niliyejitolea kutembea naye porini siku mbili, peke yetu.

Jambo la pili ni viatu. Nilikuwa na buti za kupandia milima nilizonunua kwenye mitumba Songea. Nzuri sana, za rangi ya udongo, zenye kamba nyekundu. Namba arobaini na mbili. Mimi navaa arobaini na tatu, lakini muuzaji aliniambia zitatanuka. Nilikuwa nimezivaa mara moja tu, kumwonyesha jirani.

Tulitoka Maguu saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala mabondeni. Mama mkwe alikuwa na raba za kawaida, kanga mbili, na kichwani ndoo ndogo yenye maharage, zawadi ya mdogo wake. Mimi nilikuwa na begi lenye mifuko kumi na moja. Tatizo la kwanza lilitokea hapo hapo mlangoni: nani atangulie? Nikimfuata nyuma, nitakuwa ninamtazama mgongoni njia nzima, jambo lisilofaa kwa mkwe. Kwa hiyo nilipaswa kutangulia. Lakini njia sikuijua.

Basi nikatangulia, nikaongozwa kutoka nyuma kama ng'ombe wa plau.

"Kushoto, baba."

Nakwenda kushoto.

"Si huko. Hiyo ni njia ya kwa mtu."

Nilishaingia uani kwa watu wawili kabla jua halijatoka, nikasalimia, nikageuka. Kufikia saa mbili mapafu yangu yalikuwa yanalia kama filimbi. Vilima vya Umatengo vinakudanganya: unapanda, unaona kilele, unakusanya nguvu zako zote kwa ajili ya kile kilele, ukifika unaona kilikuwa bega tu, kichwa kiko mbele. Pande zote mashamba ya ngolo, yale mashimo ya kilimo yaliyopangwa mlimani kama sega la nyuki, na katikati yake watu wanatembea wima kabisa kama wako sebuleni. Nyuma yangu nilisikia mama mkwe akikohoa kidogo kidogo. Nilidhani ni kifua. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananikaribia sana kila mara na hakujua aseme nini.

Mwishowe alipata la kusema. "Baba, wakati huu wa kiangazi nyoka wako njiani. Niacheni nitangulie niangalie."

Nilimshukuru kwa kunikinga na nyoka. Akapita, na katika dakika kumi akawa kilemba cha njano kwenye kilima kinachofuata, ananisubiri huku amegeukia upande mwingine ili asinione ninavyokuja.

Kula nako kulikuwa mtihani. Tulipumzika penye jiwe kubwa, yeye akakaa upande wa jua na viazi vyake vya kuchemsha, mimi upande wa kivuli na biskuti. Hatuonani, hatusikilizani kutafuna, heshima imetimia. Lakini biskuti kavu na mtu anayehema haviendani. Ya tatu ilinikwama kooni. Maji yalikuwa kwenye mfuko mmoja kati ya kumi na moja, na sikukumbuka upi. Nikawa napiga kifua ngumi, machozi yananitoka, natoa sauti ambazo sijawahi kuzisikia.

Kutoka upande wa pili wa jiwe sauti ya upole ikauliza, "Mnalia, baba?"

"Hapana, mama," nikasema nilipoweza. "Naomba."

"Ee. Ombeni tu."

Kuhusu haja ndogo sitasema mengi. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda kujisaidia. Nilibuni njia: kila nilipobanwa nilitoa simu, nikaiinua juu, nikasema, "Mama, naangalia mtandao kule kwenye miti." Nilijiona nina akili. Mara ya nne, niliporudi, aliuliza bila kugeuka, "Umepatikana?" Na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Saa sita tulifika kwenye mwamba mmoja uliotokeza juu ya bonde, chini yake uwazi mpana ambao watu thelathini wangekaa bila kugusana. Sakafu yake ilikuwa laini, imesuguliwa. Mama mkwe akashusha ndoo.

"Hapa bibi zetu walikuwa wanajificha," akasema. "Mama yangu alionyeshwa na mama yake."

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa mwamba, natafuta pumzi, na akili yangu haikuwa imefika bado. "Walikuwa wanamkimbia nani, mama?"

"Ninyi."

Kwa muda sikujua kama ni ule wingi wa heshima au wingi wenyewe. Kisha nikakumbuka. Shuleni nilifundishwa, na kwetu ilisimuliwa kwa majivuno, jinsi mababu zetu Wangoni walivyowasukuma Wamatengo mpaka juu ya milima hii. Utotoni nilikuwa nacheza kuwa mmoja wao, na mkuki wa bua la mtama.

"Walikuja mpaka hapa?" nikauliza.

"Mpaka hapa. Wakikimbia. Na ngao, na mikuki." Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, kuanzia kofia hadi kamba nyekundu. "Sijui walikuwa wanakula nini."

Akajitwika ndoo akaondoka. Nilibaki pale nikiwaza kwamba kama jeshi lile lingekuwa na mtu kama mimi, Wamatengo wangekaa bondeni kwa amani mpaka leo.

Aibu kubwa ilinikuta alasiri. Njia ilikuwa imekatwa na maji ya mvua za mwaka uliopita, ikabidi tukatize shamba la ngolo kwenye mteremko mkali. Mama mkwe alipita juu ya matuta kama anapanda ngazi za kanisa. Mimi nilikanyaga ukingo wa shimo, ukingo ukakatika, na nikaanza safari yangu mwenyewe. Niliteleza kwa makalio kutoka shimo hadi shimo. Nikiwa katikati nilisikia akipiga kelele, "Wewe! Shika mti! Shika mti, wewe!" Nilishika mti. Mti ulikuwa bua la mahindi ya mwaka jana.

Nilisimama shimo la tano au la sita. Sikuumia. Lakini nilipojaribu kuinuka nilisikia upepo wa mlimani mahali ambapo upepo haupaswi kufika. Suruali ilikuwa imechanika nyuma, kutoka mkanda hadi karibu na goti.

"Mmeumia, baba?" aliuliza kutoka juu. Wingi ulikuwa umerudi.

"Hapana, mama."

"Basi njooni."

"Siwezi, mama."

Ni mwanamke mwenye akili. Akageuka, akaelekeza uso wake kwenye mlima wa mbele, akafungua kanga yake ya juu, akaikunja mviringo na kuirusha nyuma bila kutazama. Ilinifikia vizuri kabisa, kama amefanya mazoezi. Nikaifunga kiunoni, maana katika mifuko yote kumi na moja hapakuwa na suruali ya pili. Ilikuwa ya waridi, yenye kuku wakubwa.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kijiji cha misheni ambako tulikuwa tulale. Ni kijiji cha zamani, kanisa la matofali mekundu, nyumba ya mapadri yenye upenu mrefu, mikaratusi minene iliyopandwa mstari. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa barabarani. Alitusalimia kwa heshima zote, akanishika mkono, akaniuliza habari za Songea na habari za serikali, na wakati wote huo macho yake yalikuwa yanajitahidi sana kutotazama kuku.

Nikataka kurudisha hadhi yangu. Tulipokuwa tunapita mbele ya kanisa nilisimama, nikaanza kumweleza mama mkwe, kwa sauti ya mtu aliyesoma, jinsi Wajerumani walivyolijenga, jinsi walivyochoma matofali, jinsi ukuta huu mnene ulivyokuwa wa kuzuia risasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hilo la Wajerumani lilianguka," akasema. "Hili tulilijenga sisi. Mimi nilikuwa binti, nasoma hapa misheni, tulikuwa tunabeba matofali kutoka mtoni, kila mtu matatu kichwani kabla ya shule. Huo ukuta ni mnene kwa sababu fundi alikuwa anakosea, anaongeza."

Mwenyeji wetu alikuwa binamu yake, mama mmoja mjane mchangamfu, na yeye akawa daraja letu. Maana sasa tulikuwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba mkwe na mama mkwe hawaongei hovyo. Tulikaa hatua tatu kutoka kila mmoja, mimi kwenye kigoda karibu na mlango, yeye karibu na moto.

"Mwambie mkwe avue viatu," mama mkwe alimwambia binamu yake.

"Mkwe, unaambiwa uvue viatu."

"Mwambie mama niko salama."

"Anasema yuko salama."

"Mwambie nimeona anavyotembea tangu asubuhi. Anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Avue."

Yule mama hakupeleka ujumbe huo. Alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga, anacheka. Nikavua. Buti zilitoka kwa shida, na soksi zilitoka na vitu ambavyo havikuwa soksi. Kisha nikaletewa beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na nilipotumbukiza miguu nilitoa sauti ambayo naomba mke wangu asisimuliwe kamwe, ingawa najua ameshasimuliwa.

Asubuhi buti hazikuingia. Mwenyeji wetu akanitafutia katambuga za marehemu mumewe, vile viatu vya matairi, vipana kama mitumbwi, akazifunga kwa mpira juu ya mguu. Buti nilimwachia. Alisema atapandia maua, nami nikaona hilo ndilo jambo la kwanza la maana zitakalofanya.

Siku ya pili tulianza kuteremka, na mapema tu, penye upenyo wa miti, nikaona ziwa. Nyasa yote iko chini, ya buluu, na milima ya ng'ambo kama moshi. Nilipiga kelele ya furaha. "Tumefika, mama!"

"Bado," akasema.

Alikuwa sahihi kwa muda wa saa sita. Kuteremka ni adui mwingine kabisa. Kupanda kunaua mapafu, ambayo mtu hayaoni, lakini kuteremka kunaua magoti huku unayatazama. Nilianza kuteremka kinyumenyume, nimeshika majani. Wanawake wawili walitupita wakipanda, kila mmoja na beseni la dagaa waliokaushwa kichwani, wanapiga soga, wanahema kidogo tu pale walipofikia sehemu nzuri ya hadithi. Walitusalimia. Mmoja alimuuliza mama mkwe kwa Kimatengo swali fupi, na mama mkwe akajibu kwa neno moja, na wote watatu wakanitazama kwa huruma. Kimatengo changu ni kidogo. Neno lenyewe nilikuja kuuliza baadaye. Maana yake ni "mwalimu", ingawa sijawahi kufundisha; kumbe huko wanaamini walimu hawawezi kutembea.

Tulipofika penye njia pana, pikipiki ilitukuta na kusimama. Kijana wa bodaboda alinitazama nilivyosimama katikati ya barabara nimeinama, mikono magotini, kanga ya kuku imelowa jasho.

"Mama, mzee anaumwa?" akamuuliza mama mkwe. "Nimkimbize zahanati?"

Mzee. Mimi. Na mama mkwe, mwenye ndoo kichwani, kijana hakufikiria hata kumpa lifti.

Mama mkwe alishusha ndoo, akafuta uso, akasema, "Haumwi. Ndivyo anavyotembea."

Nakiri kwamba nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali zahanati. Ningekubali hata wodi ya wazazi. Lakini pikipiki ilishaondoka, na vumbi lake likanikalia mdomoni.

Baada ya hapo mama mkwe alibadilika. Alikuwa anatembea polepole, na mimi kwa ujinga nikadhani ninamfikia. Karibu na mikorosho ya kwanza, pale ambapo joto la mwambao linakupokea kama mvuke wa chungu, alikaa chini. Alikaa tu, katikati ya njia, ndoo kando yake. Mimi nikasimama kwa mbali kama inavyotakiwa.

"Baba," akasema, "kaeni."

Nikakaa nilipokuwa nimesimama.

"Alipofiwa na mume wake sikuja." Alikuwa anazungumza na maharage. "Waliniletea gari. Nikapanda, nikatapika, nikashuka. Nikasema nitakuja kwa miguu, lakini ilikuwa masika, njia ilikuwa imeharibika. Nikasema nitakuja baadaye. Halafu nikasema, sasa haoni, nikienda ataona nini. Miaka tisa." Akachomoa mbegu moja ya maharage akaitupa. "Sasa anaona. Na mimi naogopa."

Mkwe mwenye hekima angejua la kusema. Mimi nilitafuta kwenye mifuko yangu yote kumi na moja na sikupata kitu. Nilitamani mke wangu angekuwepo, au hata yule binamu, ampelekee ujumbe. Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Mama, hata mimi nilikuwa naogopa tangu Maguu."

"Mlikuwa mnaogopa nini?"

"Ninyi."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa mwembamba, wenye kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya mke wangu kabisa, jambo ambalo sikulijua kwa miaka kumi na minne. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akasema, "Wangoni!" Akasimama akajitwika ndoo.

Mdogo wake alikuwa amekaa upenuni mwa nyumba yake, amevaa miwani myeusi ya hospitali. Tulipoingia uani aliivua. Mama mkwe alisimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, ndoo bado kichwani. Yule mama alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kutoka kilemba hadi raba, na mimi nyuma nilisahau hata miguu yangu.

"Ee dada," akasema. "Umezeeka!"

"Wewe je?"

"Mimi sijajiona bado. Kioo nimekataa. Njoo."

Walikumbatiana na maharage yakamwagika. Hakuna aliyeyajali. Walikaa chini kwenye maharage wakishikana nyuso, mdogo anagusa kwa vidole kwanza kama alivyozoea, kisha anatazama kile alichogusa kuhakikisha. Kuhusu msiba, sikusikia mtu akisema neno. Labda walisema baadaye, kwa Kimatengo, na haikunihusu.

Baada ya muda aliniona mimi, nimesimama na kanga yangu.

"Na huyu mama ni nani?"

"Ni mkwe. Mume wa binti yangu."

"Huyu?" Akavaa miwani, akaivua tena. "Kwenye simu nilimsikia sauti nzito. Nilidhani ni mrefu."

Nilipiga magoti nikatoa shikamoo. Kupiga magoti kulikuwa rahisi. Kuinuka ndiko kulikohitaji watu wawili.

Nilikaa siku tatu pale, nikila samaki wa mbasa peke yangu kwenye chumba cha wageni kwa heshima zote, kisha nikarudi Songea kwa basi kupitia Mbamba Bay, nikiwa nimeweka miguu juu ya begi. Mama mkwe alibaki mwezi mzima. Kucha mbili zilitoka, moja imeota upya lakini imepinda. Ofisini nilisema nilikwenda kutembea milimani, kwa kifupi, na wenzangu walivutiwa sana, na sikuona sababu ya kuwaharibia.

Asubuhi moja kabla sijaondoka tulishuka wote watatu ufukweni. Yule mdogo alitaka kumwonyesha dada yake kila kitu, nadhani alikuwa anajionyesha mwenyewe: uchanja wa dagaa, mtumbwi uliopakwa rangi, mwamba wenye kinyesi cha ndege, bata. Akamvuta mkono hadi majini.

"Mkwe," akaniita, "geukeni, tunaoga."

Niligeuka haraka. Nikakaa kwenye mchanga nimewapa mgongo, nikitazama milima tuliyotoka. Nilijaribu kutafuta mahali tulipoteremkia, sikupaona. Ilikuwa ukuta mmoja tu wa buluu, na haikuelekea kwamba mtu mwenye tumbo langu angeweza kuuvuka. Nyuma yangu wale vikongwe wawili walikuwa wanarushiana maji na kupiga mayowe, mmoja akisema ni baridi, mwingine akimwambia aache uoga. Sikugeuka. Jua lilipanda, shingo ikaanza kuuma, mayowe yakapungua, nikaendelea kusubiri niambiwe kwamba sasa naweza kugeuka. Nilipothubutu kutazama kwa pembe ya jicho, ufukwe ulikuwa mtupu. Walikuwa wameshakwenda nyumbani kunywa chai.